Shubiri ndani ya chupa ya chanjo ya kuku

Swali: "Shikamoo daktari. Mimi ni mama mfugaji wa kuku wa kienyeji, niko Singida vijijini, nina tetea 40 na vifaranga. Nilisikia redioni kwamba chanjo ya malaria ya watoto imetiwa dawa ya magome ya mti, na dawa hiyo ndiyo inayoipa chanjo nguvu. Jirani yangu siku zote hukamulia shubiri na majani ya mlonge kwenye maji ya chanjo ya kideri, anasema yanaongeza kinga. Wiki iliyopita kapita kijana anauza vipakiti vya unga, anauita homoni ya kinga, eti ukichanganya na chanjo kuku hawaugui mwaka mzima. Nichanganye kipi? Au vyote?"

Marahaba mama. Usichanganye chochote. Chanjo ya kideri, yaani ya ugonjwa wa Newcastle, iende yenyewe na maji yake safi, basi.

Ila ningekomea hapo ningekuwa nimekunyima haki yako, kwa sababu redio haikusema uongo. Jirani yako naye si mjinga, ameshika ncha ya jambo la kweli ila kaishika upande usio wake. Kijana wa vipakiti nitamfikia.

Nianze na mti. Unaitwa Quillaja saponaria, unaota Chile, kule Amerika ya Kusini. Wenyeji wa huko, Wamapuche, tangu zamani wameyaponda magome yake wakayatia maji, likapatikana povu la kufulia nguo na kuoshea nywele. Kinachotoa povu ni kundi la kemikali ziitwazo saponini, yaani sabuni ya asili. Wakemia walipozichambua saponini za mti huu fungu baada ya fungu, walilolitaka lilikuwa fungu la 21, na hadi leo linaitwa QS-21. Ndilo lililomo katika RTS,S, chanjo ya malaria ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto mwaka 2021. Chanjo ya pili, R21, iliyofuata mwaka 2023, ina mchanganyiko mwingine wa saponini za mti huo huo. Hiyo R21 ilijaribiwa kwa watoto wa Burkina Faso, Mali, Kilifi kwa jirani zetu Kenya, na hapa kwetu Bagamoyo. Katika maeneo yenye malaria mwaka mzima, Bagamoyo na Kilifi yakiwamo, ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 68 katika mwaka wa kwanza baada ya dozi tatu.

Sasa tazama kipimo. Dozi moja ya mtoto ya RTS,S ina QS-21 maikrogramu 25. Gramu moja tu, kitu kidogo kuliko punje chache za mahindi, inatosha dozi 40,000. Tena haiwekwi vivi hivi. Kipimo hicho utakikumbuka tutakapofika kwenye kiganja cha majani ya jirani yako.

Kwa nini chanjo ihitaji mti? Mwili hauhangaiki na kila kigeni kinachoingia. Ungekuwa unahangaika, kila vumbi tunalovuta na kila ugali tunaokula ungetutia homa. Mwili unashtuka ukisikia yowe. Virusi hai akiingia anaharibu seli, na uharibifu huo ndio yowe lenyewe. Chanjo nyingi za kisasa si kidudu kizima, ni kipande tu cha kidudu, kimesafishwa kikatakata. Kipande hicho ni kama picha ya mwizi iliyobandikwa ukutani: watu wanaipita. Lazima mtu apige yowe pembeni yake ndipo wakaitazame. Anayepiga yowe hilo ndiye wataalamu wanamwita ajuvanti, nami nitamwita kichocheo.

Jambo hili liligunduliwa kwenye farasi, tena mapema. Gaston Ramon, daktari wa mifugo wa Ufaransa (sisi watu wa mifugo tunajidai naye), alikuwa akiwachanja farasi sumu ya dondakoo iliyofifishwa ili apate damu yenye kinga ya kutibia watoto. Akaona farasi waliopata jipu pale sindano ilipoingia wanatoa kinga nyingi kuliko wenzao. Akajiuliza, kama jipu linasaidia, kwa nini nisilitengeneze? Mwaka 1925 alikuwa anachanganya chanjo na vitu vya jikoni: makombo ya mkate, mafuta, tapioka. Tapioka, mama, ni wanga wa muhogo. Kichocheo cha kwanza cha chanjo duniani kilikuwa na muhogo ndani yake, na kwenye orodha yake ya majaribio saponini nayo ilikuwamo. Mwaka uliofuata, Uingereza, Alexander Glenny akatumia chumvi ya aluminiamu, ndugu wa ile shabu ya kutuliza maji ya kisima. Hiyo ndiyo ikashika. Kwa muda mrefu chanjo za binadamu zilikuwa na kichocheo hicho kimoja, na hadi leo chanjo nyingi za watoto kliniki zinayo.

Kwa ng'ombe tulitangulia. Chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo imekuwa ikitiwa saponini pamoja na aluminiamu tangu miaka ya 1950. Kwa hiyo kama kuna ng'ombe kijijini kwenu aliyewahi kuchanjwa ugonjwa huo, huenda sabuni ya mti wa Chile ilishapita zizini kabla redio haijaitaja.

Kuna jaribio moja ninalipenda kuliko yote, maana linaonyesha kichocheo kinaweza kuwa nusu ya chanjo. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1997 nchini Marekani. Watu wazima waliojitolea walichanjwa RTS,S, kipande kile kile cha kimelea, ila makundi matatu yalipewa vichocheo vitatu tofauti. Kisha wote wakang'atwa na mbu wenye malaria. Kundi la kwanza, la aluminiamu na mafuta ya ganda la bakteria, alisalimika mtu 1 kati ya 8. La pili, la mafuta yaliyosagwa katika maji, walisalimika 2 kati ya 7. La tatu lilikuwa na mafuta ya aina hiyo, ganda la bakteria, na QS-21 juu yake. Walisalimika 6 kati ya 7. Kipande ni kile kile, mpiga yowe ndiye aliyebadilika.

Mpaka hapa jirani yako anaweza kusema, si nilikwambia? Ngoja.

Siku moja fanya hivi. Chukua chupa ya maji safi, tia majani ya mlonge yaliyopondwa, funga, tikisa kwa nguvu. Utaona povu la kijani juu, si kubwa kama la sabuni ya unga, lakini lipo na linakaa. Hizo ni saponini, kwa sababu mlonge nao unazo, na mimea mingine mingi inazo. Kazi ya saponini ni kung'ang'ania mafuta. Seli zetu zimevikwa ngozi nyembamba yenye mafuta, na saponini ikiigusa inatoboa. QS-21 yenyewe ukiidondoshea kwenye damu inapasua chembe nyekundu. Ndiyo maana watengenezaji wanaifungia kwanza ndani ya vitone vidogo vya kolesteroli na mafuta mengine, ili itulie, ichokoze seli za doria bila kuua ovyo.

Kirusi cha kideri naye amevaa koti la mafuta. Na chanjo unayotumia wewe, ile ya tone la jicho, ni kirusi hai. Ni aina iitwayo I-2, kirusi mpole aliyechaguliwa Australia na Peter Spradbrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, wakamchagua kwa sababu anastahimili joto kuliko wengine, kwa ajili ya vijiji visivyo na friji. Anastahimili joto, hastahimili sabuni. Hapo ndipo jirani yako aliposhika upande usio wake: sabuni ile ile inayoipa nguvu chanjo ya kipande inaiua chanjo iliyo hai. Kirusi akishavuliwa koti hawezi kuingia kwenye seli ya kuku. Unadondosha maji ya majani.

Chanjo hai haihitaji mpiga yowe, inapiga yenyewe. Tone likiingia jichoni linafika kwenye tezi iliyo nyuma ya jicho la kuku, tezi ya Harder, ambayo imejaa seli za kinga. Kirusi anaanza kuzaliana hapo na puani, mwili unashtuka, na wiki moja mpaka mbili baadaye kinga imesimama. Ukitia kitu kinachomzuia asizaliane, hata kama ni dawa nzuri kweli, umeivunja chanjo. Mimea mingi tena ina ukakasi, ule unaokausha ulimi, nao unanata kwenye protini za kirusi na kumfunga.

Nami sina haki ya kumcheka mtu. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliwachanjia akina mama wa kijiji kimoja kuku zao kwa njia ya maji ya kunywa. Nilichota maji ya bomba la zahanati, meupe, safi, nikajisifu kwa usafi. Wiki ya tatu kideri kikaingia: kinyesi cha kijani, shingo zimepinda, watoto wanakusanya mizoga kwenye ndoo. Nikailaumu chanjo, nikailaumu hata barabara iliyoileta. Mzee mmoja mhudumu wa mifugo ndiye aliyeninong'oneza: yale maji yana klorini, daktari. Nilikuwa nimewaua virusi wote kabla tetea wa kwanza hajainama kunywa. Ndiyo sababu wanaochanja kwa maji hutia kwanza maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa lita, ili yaile klorini. Sijawahi kusahau.

Shubiri ina hadithi yake, tena ya kweli. Ukikata jani la mshubiri, kwanza yanatiririka maji ya njano machungu karibu na ganda. Katikati ndiko kuna ute mweupe unaoteleza. Ndani ya ute huo kuna kabohaidreti iitwayo asemanani, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Marekani waliijaribu kama kichocheo katika chanjo za kuku. Iliongeza kinga kwa chanjo fulani, si kwa kila chanjo. Lakini angalia walichofanya: waliitenga asemanani peke yake, wakaipima, wakaitia katika chanjo za sindano. Hawakukamua jani. Ukikamua kwa mkono unapata yale maji ya njano pia, na hayo yanaharisha. Kuku anayeharisha siku ya chanjo hakupi kinga ya maana.

Sasa homoni. Hapa nitakuchosha kidogo, maana ndipo kuku alipoifundisha dunia nzima, na watu hawajui.

Ukichinja kifaranga mkubwa au kuku kijana, tazama ndani, juu ya njia ya haja. Utakuta kifuko cha duara, cheupe kama zabibu ndogo. Kwa kuku mzee hukioni, kimeshasinyaa. Kinaitwa bursa ya Fabricius, na kwa zaidi ya miaka 300 hakuna aliyejua kazi yake. Kijana Bruce Glick wa Chuo Kikuu cha Ohio State alikuwa akikitoa kwa kuku ili aone kitatokea nini, wala hakuona kitu. Mwenzake, Timothy Chang, akaazima kuku wa Glick aonyeshe darasani jinsi kuku anavyotengeneza kingamwili, yaani protini za damu zinazopambana na vidudu, baada ya kuchomwa bakteria. Somo likaharibika: kuku kadhaa hawakutoa kingamwili hata kidogo. Wakaenda kuangalia namba za kuku hao. Ni wale waliotolewa kifuko. Makala yao ilitoka mwaka 1956 katika jarida la mambo ya kuku, Poultry Science. Leo kila daktari wa binadamu anazitaja seli B, zinazotengeneza kingamwili, bila kukumbuka kwamba hiyo B ni ya bursa ya kuku.

Homoni zinaingiaje? Mwaka 1959 ikaonekana kwamba yai likitiwa homoni ya kiume wakati kifaranga anaumbwa, kifuko hakiumbiki. Anatotolewa kifaranga mzima machoni, asiye na kiwanda cha kingamwili. Deksamethasoni, homoni ya kutengenezwa ambayo baadhi ya wauza dawa wanaipenda kwa kuwa mnyama mgonjwa akiipata anachangamka jioni ile ile, nayo inakisinyaza kifuko. Watafiti wakitaka kuku mwenye kinga dhaifu kwa ajili ya majaribio, humpa hiyo hiyo. Hata mwili wa kuku wenyewe una homoni ya namna hiyo, kotikosteroni, inayopanda akipata joto kali, akikimbizwa, akibanwa kwenye tenga. Ikipanda, kinga inashuka.

Je, hakuna homoni ya kupandisha? Imetafutwa. DHEA, homoni ya tezi za juu ya figo, iliwafufulia kinga panya wazee, watu wakashangilia. Katika miaka ya 1990 ikajaribiwa kwa wazee pamoja na chanjo ya mafua, na matumaini mengi yakaishia hapo. Vitamini A, ambayo ndani ya mwili hufanya kazi kama homoni, watoto hupewa siku za chanjo kwa sababu inaokoa maisha yao. Lakini huko Indonesia mwaka 1995 watafiti waliwapa watoto wa miezi 6 vitamini hiyo pamoja na chanjo ya surua, na wale waliokuwa bado na kinga ya mama zao wakaonyesha mwitikio mdogo zaidi kwa chanjo. Mambo haya yana ukaidi wake. Huwezi kuyauza kwenye pakiti.

Na kuna kitu kinachonichekesha na kuniuma kwa pamoja. Mkonge wetu una saponini pia. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Glaxo ya Uingereza ilichukua hekojenini, inayotokana na maji ya mkonge wa Afrika Mashariki, ikatengenezea kotisoni, homoni inayozima kinga. Leo warithi wa kampuni hiyo, GSK, ndio watengenezaji wa RTS,S, chanjo inayowashwa na saponini ya Chile. Mimea miwili yenye povu, mmoja ukaishia kwenye dawa ya kuzima, mwingine kwenye ya kuwasha. Anayekwambia "ni mmea, ni asili, haidhuru" mwonyeshe hiyo.

Kwa hiyo kile kipakiti. Kama hakina jina la dawa iliyomo, kipimo, kiwanda na tarehe ya mwisho, kiache. Kikiwa ni vitamini tupu, umepoteza hela. Kikiwa na deksamethasoni, kuku watakula vizuri siku tatu, utamsifu kijana, kisha chanjo haitashika na yeye atakuwa ameshahamia kata nyingine.

Ukitaka kuipa chanjo nguvu kweli, kazi iko kabla ya tone. Minyoo kwanza. Minyoo mikubwa ya utumbo wa kuku imeonekana kupunguza mwitikio kwa chanjo ya kideri, kwa hiyo wape dawa ya minyoo wiki mbili kabla. Pumba zenye ukungu mwaga, usimpe hata mbwa, kwa sababu sumukuvu inadhoofisha kinga. Gamboro, ugonjwa mwingine wa virusi wa kuku, ikipita kwa vifaranga inakula kile kifuko chenyewe, kwa hiyo vifaranga waliopona gamboro usishangae chanjo zao zikidunda. Chanja asubuhi na mapema kabla jua halijakaza, uwatoe bandani mmoja mmoja bila kuwafukuza uwanjani. Maji ya kuchanganyia yawe ya kisima au ya mvua, yamechemshwa na kupoa usiku kucha. Tone moja jicho moja, kifaranga na jogoo sawa, subiri apepese ndipo umwachie. Kijichupa kifunike kwa kitambaa chenye maji, kivulini. Rudia kila miezi mitatu, na hakikisha mzunguko mmoja unaangukia kabla ya kiangazi, ndipo kideri kinapopamba moto.

Mlonge usiutupe. Kausha majani kivulini, saga, changanya na pumba. Ni protini nzuri, na tetea wako watakushukuru kwa kutaga. Jirani akitaka kuendelea na shubiri yake ya maji ya kunywa, aisimamishe siku mbili kabla ya chanjo na siku mbili baada. Ila kwenye chupa yenyewe isiingie hata tone.

Umesema vifaranga bila kutaja umri. Kama wapo waliototolewa baada ya chanjo yako ya mwisho, hao hawajachanjwa, na kinga waliyopewa na mama yao kupitia yai inaisha ndani ya wiki chache. Usisubiri miezi mitatu ya wakubwa ifike. Wachanje wiki hii.